Chokaa Inayomomonyoka Ukutani

SWALI: Ninakarabati ukuta wa zamani wa mawe uliojengwa kwa chokaa. Nilichoma magamba ya kome na chaza, nikayazima kwa maji, na kesho yake nikaichanganya chokaa hiyo na mchanga laini wa ufukweni. Hata wiki mbili hazijatimia, maungio yamepasuka, na nikiyakwaruza kwa ukucha yanatoka unga. Nimeshauriwa nitie saruji. Je, nifanye hivyo?

JIBU: Tunakusihi usitie. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje kupitia maungio ya chokaa. Saruji, kwa kuwa ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi, huulazimisha upitie ndani ya mawe, na baada ya miaka mawe yenyewe ndiyo yanayobanduka.

Magamba hayana kosa, maana asili yake ni moja na ya mawe ya chokaa. Yanahitaji joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, na yakiiva vizuri huwa mepesi sana, kwani hupoteza kiasi cha asilimia 44 ya uzito. Wakati wa kuzima, tia chokaa ndani ya maji, wala usimwage maji juu ya rundo la chokaa, na uvae miwani ya kinga, kwa sababu rojo hiyo huchemka na kuruka, na ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Kisha ichuje na uihifadhi chini ya maji kwa miezi mitatu ukiweza, maana chembe zinazochelewa kuzimika huvimba zikiwa ukutani. Siku moja uliyoipa haikutosha.

Mchanga nao ulikuponza. Mchanga laini huongeza nyufa, na wa ufukweni una chumvi. Tafuta wenye chembe kali za ukubwa mchanganyiko, uuoshe. Ili kupata kipimo, jaza ndoo mchanga mkavu, kisha mimina maji uliyoyapima mpaka yafike juu ya mchanga: kiasi hicho cha maji ndicho kiasi cha rojo kinachohitajika, na kwa kawaida huwa theluthi moja ya mchanga.

Hata hivyo, tunaamini kwamba kilichoharibu kazi yako zaidi ni kukauka upesi. Chokaa haigandi kwa kukauka. Hugeuka tena kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na hewa hiyo hufanya kazi pale tu penye unyevu kidogo. Ikipigwa na jua au upepo mapema, hubaki unga.

Basi kwangua maungio hayo kwa kina kisichopungua mara mbili ya upana wake, lowesha mawe, jaza chokaa kwa tabaka nyembamba ukiishindilia, halafu funika kwa magunia mabichi na uyanyunyizie maji kila siku kwa wiki moja au zaidi. Mahali panapopata maji mengi, ongeza unga wa matofali yaliyochomwa kwa moto mdogo, ambao huisaidia chokaa kugandia hata penye maji.