Orodha ya GPA haikuletei mwanachama

Mkuu, umesema tawi lenu la chama cha heshima (vile vinavyoalika wanafunzi wenye alama za juu) huko Marekani limekutwika kazi ya kutafuta wanachama wapya, na unauliza uanzie wapi. Nami niliibeba kazi hiyo nikiwa mwaka wa nne. Majina ya chuo na chama nayahifadhi.

Kuchuja kwa GPA, yaani wastani wa alama za chuo, kusikunyime usingizi. Makao makuu wanaweka kiwango, ofisi ya msajili inaleta majina. Tau Beta Pi ya wahandisi, kwa mfano, mwaka wa tatu uwe ndani ya moja ya nane ya juu ya darasa, mwaka wa nne moja ya tano. Phi Kappa Phi, ya masomo yote, ni 7.5% ya juu kwa mwaka wa tatu na 10% kwa wa nne. Hapo hakuna mjadala.

Kasheshe ni kuwafanya waje. Nilituma barua pepe kwa watu 43: "Hongera! Umechaguliwa", na chini yake ada na tarehe ya mwisho ya kulipa. Walikuja tisa. Mmoja nilimkuta maktaba nikamuuliza, akacheka, eti alijua ni matapeli. Nikaisoma tena ile barua. Kweli, hata mimi ningeifuta.

Wengine, kwa kuona jina la Kigiriki, walidhani ni zile frati, vyama vya wanafunzi wa kiume vya kunywa pombe na kutesa wageni. Hapo ujue historia kidogo: Phi Beta Kappa, nacho chama cha heshima, ilianza 1776 chuo cha William & Mary, Virginia, na herufi za Kigiriki za frati zinafuata mtindo wake. Mweleze mtu hivyo, atakusikiliza.

Muhula uliofuata profesa wetu mlezi alisaini barua za karatasi, na kila mwanachama akapewa majina matatu awafuate ana kwa ana. Ada tuliitaja mapema, tukasema inalipwa mara moja tu. Wakaja 26.

Sasa kura ya nani apokelewe, na hapa ndipo nilipoharibu. Vyama vingi vinaangalia tabia pia, sio GPA tu, na neno "tabia" likiachwa wazi kila mtu anatia lake. Likasomwa jina la kijana mmoja aliyehamia kutoka chuo cha miaka miwili. Mtu akasema, "Simjui, hachangamki." Mwingine akaitikia kwa kichwa. Tukapiga kura ya mikono, na ukiona jirani yako hajanyoosha, wako nao unakuwa mzito. Akakosa kwa kura mbili. Mimi ndiye niliyeendesha kikao, na nilikaa kimya.

Wiki chache baadaye nimeshuka kufua nguo bweni, namkuta chumba cha mashine, kaandika milinganyo kwa kidole kwenye mvuke wa kioo cha dirisha, wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza wamemzunguka. Wakaniambia yuko pale kila Jumapili.

Tukabadilisha. "Simjui" haikubaliki kama sababu. Mwenye pingamizi ataje kitendo na aliyekishuhudia. Kura ni za karatasi. Na kabla ya kikao tunawaita walioorodheshwa jioni moja, pitsa na soda, watu waonane sura. Usipofanya kingine, fanya hili la karatasi.

Yule kijana tulimwalika tena, barua nikampelekea mwenyewe mkononi. Aliisoma pale pale amesimama, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Asante kaka, Jumapili nina watu wangu."