Jibu: Seva ya saa ya nyumbani inayumba

Mkuu, umeuliza kwa nini seva yako, ile inayovipa vifaa vingine saa sahihi, inayumba kwa makumi ya milisekunde ilhali kipokezi cha GPS kimeshika setilaiti vizuri. Tatizo ni USB inayokiunganisha kipokezi na kompyuta. Ujumbe wa NMEA, yaani maandishi yanayotumwa na kipokezi, unataja saa, lakini unachelewa njiani, tena kila mara kwa kiasi tofauti. Unahitaji waya wa PPS, ule unaotoa mpigo mmoja kila sekunde. Uunganishe na pini ya GPIO 18 ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya seva (hakikisha ni volti 3.3; volti 5 zinaweza kuiunguza), weka dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, kisha uiwashe upya. Andika sudo ppstest /dev/pps0. Mistari ikishuka sekunde kwa sekunde, kazi kubwa imekwisha. Kwenye chrony, programu inayorekebisha saa ya seva, PPS ifungwe na NMEA, maana mpigo wenyewe haujui ni sekunde ipi. Antena iwe inaona anga, si chini ya bati.