Fidia ya Ajali Kazini: Dai Likikataliwa

Barua nyingi ninazopokea kuhusu Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo Wakenya wengi huiita WIBA, huandikwa muda ukiwa umeshayoyoma. Nimechagua tano.

Kampuni ya bima imemwandikia mwajiri wangu kwamba hainilipi. Je, rufaa naipeleka kwao?

Hapana. Bima humlipia mwajiri wako. Haiamui haki yako. Anayeamua kama unastahili fidia, na kwa kiasi gani, ni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ana maafisa katika kaunti. Kwa hiyo chunguza kwanza kama ajali yako iliwahi kumfikia, kwa sababu mwajiri alipaswa kumwarifu ndani ya siku 7 baada ya kupata habari, na wengi hawafanyi hivyo. Kama hakuarifiwa, hakuna uamuzi, na pasipo uamuzi hakuna cha kukatia rufaa: nenda ukaripoti mwenyewe, ukikumbuka kwamba dai huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Kama ameshaamua nawe hukuridhika, una siku 60 tangu uamuzi huo za kumpelekea pingamizi. Anapaswa kukujibu kwa maandishi ndani ya siku 14 na kutoa sababu. Jibu hilo lisipokuridhisha, una siku 30 tangu ulipolipokea za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Meneja anayekuambia ungoje kidogo kwa kuwa bima wanashughulikia anakula siku zako, si zake.

Siwezi kuyaacha hayo yote nikamshtaki mwajiri kwa uzembe?

Huwezi. Kifungu cha 16 kinakataza, na Mahakama ya Juu ilikiunga mkono Desemba 2019. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Anayekuahidi mamilioni mahakamani, mradi utangulize ada ya kufungua jalada, anaitafuta ada hiyo.

Mimi ni kibarua wa mjengo. Mwenye kazi anasema sikuwa mwajiriwa wake.

Husema hivyo baada ya ajali. Jumamosi ya malipo huwa hawasemi. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukuondolei haki. Kusanya jumbe za M-Pesa ulizolipwa na fomeni, picha ya ukurasa wenye jina lako katika daftari la mahudhurio, na maelezo yenye sahihi ya fundi uliyekuwa ukimpelekea mawe siku hiyo. Fanya hivyo leo, maana daftari la mjengo hupotea upesi na mafundi huhamia kazi nyingine.

Niliondoa kinga ya msumeno ili niharakishe kazi. Nimeambiwa kosa ni langu, hivyo sipati chochote.

Uzembe haukunyimi fidia. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo hauizuii pale ajali inapoleta ulemavu mkubwa au kifo. Uliza pia ni nani aliyekuwa akikuhimiza uharakishe, kisha uliandike jina lake katika maelezo yako.

Nimepewa asilimia 10 ya ulemavu ilhali kiwiko hakikunji. Inatosha kuandika kwamba sikubali?

Haitoshi hata kidogo. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96: anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi hulipwa 192,000 kwa asilimia 10, na kila asilimia moja inayoongezeka ni shilingi 19,200. Hapo ubishi ni wa kitabibu, nao unahitaji ripoti mpya ya daktari inayotaja kiwiko kinakunjika hadi nyuzi ngapi na mkono unaweza kushika nini, ikiambatanishwa na picha za eksirei. Linganisha pia mapato yaliyoandikwa katika fomu na hati yako ya mshahara, kwa sababu si mara moja nimeona fomu ikitaja pesa pungufu. Pingamizi liandike nakala mbili, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.