Maswali ya wasomaji: kesi ya mkunga Cadden, Dublin 1956

Wasomaji wameuliza kuhusu Mary Anne Cadden, maarufu kwa jina la Mamie, mkunga wa Ireland aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 1956 baada ya mama wa watoto sita kufa akitolewa mimba.

Kwa nini polisi walimwendea yeye mara moja?

Alikuwa na historia. Alisajiliwa kuwa mkunga mwaka 1926, akafungua nyumba za uzazi mtaa wa Rathmines. Mwaka 1939 alifungwa mwaka mmoja kwa kichanga kilichotelekezwa kando ya barabara, jina lake likafutwa kwenye daftari la wakunga. Mwaka 1945 akapewa miaka mitano kwa kutoa mimba. Alipotoka alipanga chumba kimoja, Hume Street namba 17. Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 1956, maiti ya mama huyo ilikutwa kando ya barabara, hatua chache kutoka mlango huo. Mwaka 1951 maiti ya mwanamke mwingine ilikuwa imeokotwa mtaa huohuo, na hakuna aliyeshtakiwa.

Nasikia marehemu hakufa kwa kuvuja damu. Aliuawa na nini?

Hewa. Mimba ilikuwa ya miezi mitano hivi, na kufikia hapo mishipa ya damu kwenye ukuta wa mji wa mimba imetanuka sana. Kondo likibanduka, midomo ya mishipa hiyo hubaki wazi. Hewa ikisukumwa humo, hupanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo. Moyo umeumbwa kusukuma damu, si hewa: unapopiga, hewa na damu hugeuka povu, njia ya kwenda mapafuni huziba, na mtu huweza kufa katika dakika chache. Ndiyo maana wengi waliokufa namna hii hawakuwahi hata kufikishwa hospitali.

Kuthibitisha jambo hili kuna utaratibu wake. Mpasuaji hujaza maji ndani ya mfuko unaouzunguka moyo, kisha hutoboa moyo chini ya maji hayo aone kama mapovu yatapanda. Kazi hii haingoji: maiti ikianza kuoza hutoa gesi yake yenyewe, na mbele ya mahakama wakili wa utetezi atauliza hewa hiyo ni ipi.

Kama hakutaka afe, mauaji ya kukusudia yalitoka wapi?

Hapa ndipo uzito wa kesi ulipo. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Makosa dhidi ya Mwili ya mwaka 1861, iliyotungwa London na kurithiwa na Ireland huru, kilifanya kutoa mimba kuwa kosa kubwa la jinai, adhabu yake ikifika kifungo cha maisha. Kanuni ya zamani nayo ilisema kifo kinachotokea mtu akitenda kosa kubwa la namna hiyo kinaweza kuhesabiwa mauaji ya kukusudia. Nia ya kutenda kosa la kwanza ilijaza nafasi ya nia ya kuua. Kwa desturi, kesi kama hizi ziliishia kwenye kuua bila kukusudia, na kwa maoni yetu hii nayo ingestahili kuishia hapo. Uingereza iliifuta kanuni hiyo mwaka 1957, Ireland mwaka 1964. Kwa Cadden, mabadiliko ya Ireland yalichelewa kwa zaidi ya miaka saba.

Kuna aliyemwona akitenda?

Hapana. Ulikuwa ushahidi wa mazingira mtupu: nyuzi na nywele zilizolinganishwa kati ya nguo za marehemu na vitu vya chumbani, vifaa vilivyokutwa humo, na shajara. Wateja aliwaandika kwa mavazi yao badala ya majina, na upande wa mashtaka ulidai maandishi ya siku ile yalibadilishwa.

Alinyongwa?

La. Januari 1957 adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Kutoka gereza la Mountjoy alihamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dundrum, akafia huko Aprili 1959.

Sheria zetu zina uhusiano wowote na hiyo ya 1861?

Zina undugu wa karibu. Kanuni za Adhabu za Kenya (kifungu cha 158 hadi 160) na Tanzania (150 hadi 152) zililetwa na wakoloni haohao. Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anakabiliwa na miaka 14, mwanamke mwenyewe 7, na anayetoa dawa au kifaa akijua matumizi yake, 3. Zote mbili zinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama.

Na msidhani shtaka la mauaji limebaki Dublin ya zamani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ilimhukumu muuguzi kifo kwa kesi ya aina hii. Mahakama ya Rufani ilimwachia huru mwaka 2017, baada ya kuona kwamba ushahidi wa mazingira uliomtia hatiani haukutosha.