Maswali ya Wasomaji: Mtambo Usio na Pampu Nao Una Gharama

SWALI: Mimi ni mhazini wa chombo cha watumiaji maji katika mji mdogo mkoani Kilimanjaro. Nyumba 160 zimeunganishwa na mtambo wa majitaka tuliojengewa na wafadhili ambao wamekwisha kuondoka: tangi la kutuamisha, vyumba vya mfululizo, kisha bwawa la kokoto lililopandwa matete. Kwa kuwa hakuna pampu wala umeme, tunatoza kila nyumba shilingi 2,000 kwa mwezi, na mshahara wa mwangalizi ni shilingi 250,000. Wapo wanaodai kwamba hata hizo ni nyingi, na kwamba kwa gharama nyingine tungoje fedha za Mfuko wa Taifa wa Maji. Je, wana haki?

JIBU: Ndugu Mhazini, hawana, ingawa ni rahisi kuelewa kwa nini wanadhani hivyo. Mkikusanya zote mnapata 320,000, mnamlipa mwangalizi, na 70,000 zinazobaki zinaonekana kama faida, ilhali tope linaendelea kujaa ndani ya tangi bila mtu kuliona. Likiachwa, nafasi ya maji hupungua, majitaka hupita kwa kasi kabla uchafu haujatuama, na hatimaye uchafu huo huziba kokoto za bwawa la matete. Kutoa kokoto, kuziosha au kununua nyingine ni kazi ghali kuliko kuita gari la kunyonya majitaka kwa wakati.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kutoa tope na kulipeleka panaporuhusiwa kutawagharimu shilingi 4,800,000 kila baada ya miaka miwili. Hizo ni 200,000 kwa mwezi. Ongezeni 190,000 za mabomba na mifuniko ya chemba (mifuniko ya chuma huibwa, msijidanganye), pamoja na mshahara, mpate 640,000, yaani shilingi 4,000 kwa kila nyumba. Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba wote wanalipa. Robo wasipolipa, nyumba 120 zilizobaki zitabeba zaidi ya 5,300 kila moja, na hapo ndipo wanaolipa nao huanza kukata tamaa.

Kwa hiyo wekeni malipo ya majitaka ndani ya ankara ya maji, kwa kuwa bomba la majitaka huwezi kulifunga bila kuleta kipindupindu, lakini mita ya maji inafungika. Fedha ya tope iwe na akaunti yake, yenye watia saini wasiokuwa viongozi wa chombo peke yao. Bei mpya ipitishwe kwanza kwenye mkutano wa watumiaji, makadirio yakiwa yamebandikwa ukutani, kisha ipelekwe ofisi ya wilaya ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), ambayo chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ndiyo inayosimamia vyombo kama chenu.

Kuhusu kungoja Mfuko wa Taifa wa Maji, uombeni mtakapotaka kupanua mtandao. Mfuko huo ni wa uwekezaji. Gari la kunyonya tope mtalilipia wenyewe.