Kabla ya kuandika "ingekuwaje", muulize bibi yako

Niliwahi kuandika hadithi ambayo Wajerumani wanashindwa Tabora. Yaliyotokea kweli mnayajua: Januari 1893 boma la Mtemi Isike, mtawala wa Kinyamwezi wa hapo Tabora, liliingiliwa na Wajerumani, naye akalipua baruti asikamatwe mzima. Mimi nikayageuza. Kwangu wapagazi elfu mbili wanatokea pwani, wanatupa mizigo ya vitambaa vya merikani na shanga, wanawazunguka askari kwa nyuma. Nilijiona fundi.

Nikamsomea bibi, jioni moja akipeta mchele pale Ipuli. Alinyamaza hadi mwisho.

"Sasa mjukuu wangu, Januari hao wanaume majembe wamemwachia nani?"

Sikuwa na jibu. Unyamwezi mvua huanza Novemba. Wapagazi wengi wa enzi hizo walishuka Bagamoyo baada ya mavuno, wakarudi mapema kuwahi kilimo. Jeshi langu lote lilikuwa shambani!

Ndiyo maana mkitaka kuandika hadithi za "ingekuwaje", nawasihi muanze na wanahistoria wanaochunguza maisha ya watu wa kawaida, si wale wa vita na mikataba tu. Hao ndio huuliza posho ilikuwa vibaba vingapi, nani alipika kambini, hongo alilipwa nani (zamani ilikuwa ushuru wa njia, mtemi akipokea mchana kweupe). Badilisha tukio moja, mvua ziache zinyeshe wakati wake.

Ila msiwaogope kupita kiasi. Mwanahistoria nyaraka zikiisha naye husimama, na ndivyo inavyompasa. Wasafiri wa Kizungu walihesabu mizigo na bunduki kwa makini, lakini wanawake waliofuatana na misafara, vyungu kichwani na mtoto mgongoni, wakawataja juu juu. Hapo mtunzi ana kazi. Mimi huongeza ukurasa mmoja mwishoni kusema kipi nimekitunga. Rafiki yangu analalamika kwamba naharibu utamu. Shauri yake, mwanafunzi akikuta Isike ameshinda, ajue ushindi huo nimempa mimi.

Hadithi nimeiandika upya. Isike bado anashinda, ila sasa inaanza na mwanamke anayepalilia mtama, anasikia bunduki, anakimbilia katikati ya shamba kujificha. Nimeshamsomea bibi. Kasema Januari mtama bado uko magotini, nimtafutie mama wa watu kichaka.