Maswali ya wasomaji: Barabara imekufuata, fidia ipo

SWALI: Nyumba yangu iko kando ya barabara inayopanuliwa, imewekewa X ya kijani. Ya jirani ina X nyekundu. Wathamini wanakuja karibuni, na nyuma ya nyumba nina mikorosho. Nijiandae vipi? – Msomaji, Tandahimba

JIBU: Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 huhesabiwa kuwa ameifuata barabara, halipwi. Wewe uliye kwenye mita 7.5 za nyongeza, barabara imekufuata, unastahili fidia: ndiyo maana ya X ya kijani, nyekundu ni ya asiyelipwa. Mwambie jirani apime kwa futi kamba kabla ya kukubali rangi aliyopewa.

Siku ya uthamini uwepo, wewe na mwenzi wako, pamoja na kiongozi wa kijiji. Watu hupunjika zaidi kwenye mikorosho, kwa sababu hulipwa kwa idadi na hatua ya ukuaji: mkorosho unaozaa ukiandikwa mche, umepoteza fedha nyingi kwa kalamu moja. Ihesabu mapema, ipige picha, linganisha na fomu mstari kwa mstari. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, na piga picha kila ukurasa. Jina lifanane na la kitambulisho na la akaunti ya benki. “Mohamedi” na “Muhamedi” zinatosha kukwamisha malipo. Kama mali bado ina jina la marehemu, familia ianze mirathi Mahakama ya Mwanzo sasa hivi.

Dai na ardhi yenyewe. Tangu sheria za ardhi za 1999, ardhi tupu ina thamani. Anayekuambia utalipwa nyumba na miti tu anakupunja. Juu yake kuna posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi ya miezi 36. Nyumba ambayo kodi yake sokoni ni shilingi 80,000 kwa mwezi inaleta 2,880,000. Mwenye duka hudai faida halisi ya miezi 36, ila bila hesabu zilizokaguliwa dai hilo hukataliwa. Kiwanja kisichokaliwa hakipati makazi wala usafiri.

SWALI: Tulithaminiwa, huu mwaka wa tatu hatujalipwa. Shamba limegeuka pori. – Msomaji, Lindi Vijijini

JIBU: Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka mlipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe. Ikizidi, riba inadaiwa. Ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini umekufa na lazima urudiwe kwa bei za sasa. Kwa hiyo andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri mkiuliza tarehe ya idhini, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mgogoro wa kiasi cha fidia huenda Mahakama Kuu.

Shamba msiliache. Palilieni, pigeni salfa (dawa ya ukungu wa mikorosho), vuneni: hadi mlipwe, korosho ni zenu. Kinachokatazwa ni kupanda na kujenga vipya, maana havitahesabiwa.

SWALI: Na makaburi ya wazee? – Msomaji, Kilwa

JIBU: Yana Sheria yake ya 1969. Hulipwa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na ibada zinazohitajika. Yaonyesheni yote kwa wathamini, hata yasiyojengewa.